Namna ya kutega panya kando ya vijito na vinyungu wakati wa sakitu

Mwezi Juni unapoingia na mahindi ya mlimani kuanza kuvunwa, panya waliokuwa wakiishi kwenye mabua hukosa chakula pamoja na maficho, nao hushuka bondeni. Kule bondeni, kando ya vijito vya Makete, Njombe, Mufindi na Mbeya Vijijini, ndiko kunakobaki majani mabichi, udongo laini wa kuchimba mashimo na, juu ya yote, vinyungu vyetu, yaani bustani za bondeni zenye unyevu, ambavyo wakati huo tunavitayarisha kwa mahindi ya kuchoma, maharage, njegere na viazi mviringo. Mkulima anayefukia mbegu zake katika kinyungu bila kuwapunguza panya kwanza huwa anawaandalia karamu, kwa sababu panya hufukua mbegu ya mahindi siku hiyo hiyo ilipopandwa, na huendelea kung'oa miche kwa muda wa wiki mbili hivi baada ya kuota.

Mwongozo huu unahusu kutega panya hao kwa mitego ya kubana, yaani ile ya springi inayouzwa madukani, katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, wakati ambapo sakitu, yaani barafu nyembamba nyeupe ya usiku wa baridi, hulala mabondeni na kuifanya mitego mingi ishindwe kufanya kazi. Nimeuandika kwa sababu mimi mwenyewe nilipoteza msimu mmoja mzima kwa kutokujua jambo dogo tu. Nilitega mitego 16 kwenye ukingo wa kijito, jioni nikiwa na matumaini makubwa, na asubuhi nikaikuta yote ikiwa imefunikwa na weupe wa sakitu, chambo kimeliwa kwa ustadi, na hakuna hata mmoja uliofyatuka. Nililaumu mitego, nikalaumu chambo, na usiku wa pili mambo yakawa vilevile. Mzee mmoja jirani yangu, ambaye amelima bondeni tangu ujana wake, alinyanyua mtego mmoja, akauminya kwa kidole gumba na kuniambia, "Mwanangu, mtego wako umelowa kabla haujaganda. Utegee pakavu." Karibu kila nitakaloeleza hapa chini linatokana na maneno hayo.

Kuielewa baridi ya bondeni

Hewa yenye baridi ni nzito kuliko hewa yenye joto, kwa hiyo usiku usio na mawingu wala upepo huteremka polepole kutoka vilimani na kutuama bondeni kama maji. Ndiyo maana nyumba iliyo juu ya kilima inaweza kuamka na umande wa kawaida tu, huku kinyungu kilicho mita mia mbili chini yake kikiwa cheupe na majani ya viazi yakianza kuwa meusi. Tena, baridi huwa kali zaidi pale majani yanapogusana na ardhi kuliko usawa wa kifua cha mtu, na mtego hulala hapo hapo.

Kinachoharibu mtego si baridi peke yake. Jioni umande hutua juu ya chuma na ubao, hupenya kwenye ekseli ya springi na chini ya kile kipande kinachoshika chambo, kisha kuelekea alfajiri maji hayo huganda na kuunganisha sehemu ambazo zilipaswa kucheza. Panya mwenye uzito mdogo hawezi tena kukisukuma kipande hicho. Udongo uliolowa chini ya mtego nao huganda na kuushika ubao, na ukiugusa asubuhi unautoa pamoja na bonge la tope. Kwa hiyo kazi yetu ni kuzuia umande usiufikie mtego, na kuzuia unyevu wa ardhi usipande kutoka chini.

Hatua ya kwanza: kuandaa mitego nyumbani

Mitego mipya huwa na harufu ya mafuta ya kiwandani, na ya zamani huwa na kutu. Ichemshe kwa muda mfupi katika maji yenye majivu, isugue, kisha ianike juani hadi ubao ukauke kabisa. Baada ya hapo yeyusha nta ya nyuki katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, na usiiweke nta moja kwa moja juu ya moto kwa sababu inaweza kuwaka. Chovya sehemu za chuma au zipake kwa kitambaa, hasa ekseli, springi na mdomo wa kile kipande cha chambo. Safu iwe nyembamba sana. Nta ikiwa nene, katika baridi hukakamaa na kuzuia mtego kama sakitu yenyewe inavyofanya. Kwetu nta hupatikana kwa wafuga nyuki bila shida, na kwa maoni yangu inashinda grisi, kwa sababu grisi hukusanya vumbi na harufu yake hubaki mikononi siku nzima.

Toboa tundu pembeni mwa ubao na ufunge waya wa kufungia nondo wenye urefu wa mkono mmoja, ambao utashikiliwa na kigingi. Panya aliyebanwa vibaya, au kanu anayepita usiku, huweza kuuburuta mtego hadi majini, na mtego uliopotea ndani ya matete hauonekani tena.

Kwa kinyungu cha robo ekari ninashauri mitego isiyopungua 20. Mitego mitano au sita itakupa faraja ya kuona panya waliokufa, lakini haitapunguza idadi yao kwa namna ambayo mbegu zako zitaihisi. Panya shamba wa kawaida hubeba mimba kwa siku 23 hivi na kuzaa watoto 10 hadi 12 kwa mara moja, wakati mwingine zaidi, hivyo ukiwaondoa wachache tu pengo lao hujazwa mapema.

Hatua ya pili: kusoma ukingo wa kijito

Hatua hii ndiyo inayoamua matokeo, na sitaki uipite haraka. Nenda bondeni mchana, jua likiwa limekwisha kuyeyusha sakitu, na utembee taratibu ukiangalia chini. Panya hapendi kukatiza mahali pa wazi. Hupita katika vinjia vyake vilevile kila usiku, vyenye upana wa vidole viwili au vitatu, vilivyolainishwa kwa miguu na vilivyofunikwa na majani yaliyolala juu yake kama paa. Fumbua majani kwa fimbo badala ya mkono, na utaona njia imekanyagwa hadi udongo unang'aa. Angalia kama kuna mavi mapya, meusi na laini, yenye ukubwa wa punje ya mchele, na mashina ya nyasi yaliyokatwa mshazari na kuachwa katika virundo vidogo. Mavi makavu yaliyopauka na njia yenye utando wa buibui huonyesha kwamba wenyewe wamehama.

Shimo linalotumika huwa na mdomo safi. Ukitaka uhakika, ziba mashimo yote kwa majani makavu jioni, na asubuhi tazama ni yapi yamefunguliwa. Katika asubuhi ya sakitu kuna ishara nyingine nzuri sana, ambayo nimeizoea kuliko zote: pumzi na joto la panya walio ndani hutoka mdomoni mwa shimo na kuacha duara dogo lililolowa katikati ya nyasi nyeupe. Ukiliona duara hilo alfajiri, weka kijiti, maana hapo pana wenyewe.

Kisha tafuta mahali ambapo njia inabanwa. Kijito humsaidia mtegaji kwa sababu maji ni ukuta. Pale ambapo ukingo ni mwembamba kati ya maji na mteremko, chini ya mzizi mkubwa uliotokeza, chini ya gogo lililolalia kijito kama daraja, au pale ambapo ukingo umemomonyoka na kuacha kibanda cha udongo chenye paa la mizizi, panya wote wa upande huo hulazimika kupita katika nafasi ya shibiri moja. Mahali pa namna hiyo panatega kuliko mitego mitatu iliyotawanywa kiholela shambani. Paa la mizizi lina faida ya pili pia, kwa kuwa umande hautui chini yake, na mara nyingi utakuta udongo wa hapo ni mkavu hata asubuhi ambayo kinyungu chote ni cheupe.

Ukiwa katika ukaguzi huo, tazama pia dalili za wanyama ambao hatuwategi. Mavi yaliyojaa vipande vya magamba ya kaa, yaliyoachwa juu ya jiwe au gogo kando ya maji, ni ya fisi maji au ya nguchiro wa majini. Wote wawili hawana deni lolote na mbegu zako, na nguchiro hula panya. Kuwinda mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kwa hiyo usiweke kabisa vitanzi vya waya kwenye ukingo, na mahali penye dalili hizo usitumie dagaa kama chambo. Wanaolima jirani na Hifadhi ya Taifa ya Kitulo wasivuke mpaka wa hifadhi kwa ajili ya mitego, hata kama njia za panya zinaonekana kuelekea huko.

Hatua ya tatu: kutengeneza kitako na paa

Chini ya kila mtego chimba kishimo chenye kina cha vidole vinne na upana unaozidi ubao kidogo pande zote. Kijaze kwa kitu kikavu kisichoshika maji. Mimi hutumia pumba za mpunga, ambazo huletwa kutoka Mbarali na kuuzwa kwa bei ndogo, na wakulima wa Mufindi wanaweza kutumia majani makavu ya miti ya paini, ambayo wamezungukwa nayo. Maranda ya seremala hufaa usiku mmoja au miwili, kisha hulowa na kuganda, kwa hiyo yabadilishwe. Shindilia kidogo, kisha weka mtego juu yake ukiwa umekaa sawasawa bila kuyumba. Panya akikanyaga kitu kinachotikisika hugeuka.

Paa ndilo linalosahauliwa na wengi. Chukua kipande cha mwanzi mnene, kipasue katikati kwa urefu, na uweke nusu yake juu ya mtego kama kuba, ukiacha nafasi ya kutosha ili chuma kiweze kuruka bila kugonga mwanzi. Kama mwanzi wako ni mwembamba, tumia kipande cha bati kilichokunjwa, au matofali mawili na ubao juu yake. Funika paa hilo kwa nyasi za mahali hapo. Kibanda hiki huzuia umande, huwazuia ndege na kuku, na humfanya panya ajisikie yuko katika njia yake ya kawaida yenye giza. Usiku wa mbalamwezi panya huogopa kutembea penye mwanga, na usiku wenye sakitu kali mara nyingi huwa hauna mawingu, hivyo kivuli cha kibanda husaidia kwa jambo hilo pia.

Weka mtego kwa kuukingamisha njia, upande wa chambo ukiwa umegusa ukuta wa ukingo au mzizi, ili panya anayetoka upande wowote aufikie. Mahali penye njia nzuri sana weka miwili, mmoja ukitazama juu ya kijito na mwingine ukitazama chini, yote ndani ya kibanda kimoja kirefu.

Namna nyingine inayofaa kwenye ukingo uliosimama ni kuchimba mfuko, yaani shimo la mlalo linaloingia ndani ya ukingo kwa urefu wa kiganja na vidole, likipanda kidogo kuelekea ndani ili maji yasituame. Chambo hukaa nyuma kabisa, mtego hukaa mdomoni juu ya pumba. Mdomo uwe juu ya usawa wa maji kwa angalau urefu wa kiganja, kwa sababu vijito vyetu hupanda ghafla mkulima wa juu anapofungua mfereji wake.

Kuhusu ndoo yenye maji iliyofukiwa ardhini, ambayo wengi huipenda, ninaona haifai wakati huu. Usiku wa baridi kali maji yaliyotuama hufunga utando wa barafu na panya hutembea juu yake, na hata yasipoganda kifo cha kuzama katika maji ya baridi ni cha polepole. Mtego wa kubana ulio katika hali nzuri humaliza kazi mara moja, na panya naye, pamoja na hasara anayotutia, asiteswe bila sababu.

Hatua ya nne: chambo, na usiku wa kuzoeza

Chambo chenye maji mengi, kama kipande cha nyanya au kiazi kibichi, huganda na kupoteza harufu. Tumia chenye mafuta. Karanga zilizokaangwa na kusagwa, zikachanganywa na unga wa mahindi hadi ziwe kama ugali mgumu, hukaa vizuri na kunukia hata katika baridi. Kiasi cha punje ya haragwe kinatosha. Kikandamize barabara ili panya alazimike kukivuta, maana chambo kilichowekwa juu juu hulambwa bila mtego kuhisi. Dagaa wakavu nao wanavuta, isipokuwa pale nilipokwisha kutaja.

Usiku miwili ya kwanza weka mitego pamoja na chambo bila kuitega. Najua inauma kulisha panya kwa makusudi, lakini anayezoea kula mahali fulani hurudi bila tahadhari, na usiku wa tatu utakapotega utapata wengi kwa pamoja. Tega jioni, jua likikaribia kuzama, kisha uiache kwa usiku mitano mfululizo. Mfululizo huo ni muhimu, na ufanyike katika wiki moja kabla ya kupanda. Baada ya kupanda rudia tena hadi miche ifikie umri wa wiki mbili.

Kama inawezekana, kubalianeni na wenye vinyungu vya jirani mtege katika wiki moja. Panya hawajui mpaka wa kinyungu, na kinyungu kilichosafishwa peke yake huvamiwa tena kutoka kwa jirani katika siku chache. Katika bonde letu tulikubaliana hivyo baada ya mkutano wa kitongoji, kila mmoja akianzia upande wake wa kijito, na tofauti yake tuliiona kwa macho.

Hatua ya tano: ukaguzi wa alfajiri na usalama wako

Kagua kukianza kupambazuka, kabla kunguru na mbwa hawajafika. Vaa mabuti ya mpira na glavu za mpira. Usiguse panya kwa mkono mtupu, hata kama amekakamaa kwa baridi. Mkojo wa panya hubeba vimelea vya ugonjwa ambao mwaka 2022, ulipozuka Ruangwa mkoani Lindi, ulipewa jina la homa ya mgunda, na vimelea hivyo huishi vizuri katika maji na udongo wenye unyevu, yaani hasa katika mazingira tunayotegea. Huingia mwilini kupitia mikwaruzo na ngozi iliyolainika kwa maji, pamoja na macho na mdomo. Mtu mwenye mipasuko ya baridi miguuni, ambayo sisi wa huku tunaijua vizuri, asiingie kijitoni pekupeku. Ukipata homa ya ghafla, maumivu ya kichwa na ya misuli, hasa ya miguu, katika siku au wiki zinazofuata, nenda kituo cha afya na umweleze mganga waziwazi kwamba umekuwa ukitega panya, kwa sababu bila maelezo hayo dalili hizo hufanana na malaria.

Fungua mtego kwa kijiti, mwangushe panya ndani ya mfuko, na umzike katika shimo la kina cha goti, mbali na maji. Usitupe mizoga kijitoni. Watu wa chini wanachota maji hapo. Watoto wasipewe kazi hii, ingawa ndio wenye hamu nayo kuliko sote.

Mtego ambao chambo kimeliwa bila kufyatuka una sababu, nayo itafutwe hapo hapo. Minya kipande cha chambo kwa kijiti: kikiwa kigumu, umande umeingia na paa linahitaji kurekebishwa. Kikiwa laini, basi chambo hakikukandamizwa vya kutosha, au mlaji ni kiumbe mdogo zaidi, pengine konokono, ambao huacha utelezi. Mtego usioguswa usiku mitatu mfululizo uhamishwe. Kuuacha mahali pake kwa matumaini ni kuupoteza.

Kuna mambo mawili ambayo watu hufanya kwa haraka ya kumaliza panya, nami nawasihi wayaache. La kwanza ni sumu. Sumu iliyowekwa ukingoni husombwa na maji, na panya aliyekwisha kuila huliwa na bundi, paka au nguchiro, nao hufa, na mwaka unaofuata panya huongezeka bila mtu wa kuwapunguza isipokuwa sisi. La pili ni kuchoma majani ya ukingoni. Mbali na hatari ya moto kufika kwenye misitu ya kupandwa, majani hayo ndiyo yanayoshika udongo wa kijito, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa mto. Fyeka badala yake ukanda mwembamba wa hatua mbili kuzunguka kinyungu chenyewe, upande usio na maji. Panya atasita kuukatiza, na atakapoukatiza atapita pale utakapokuwa umemwachia kichaka kimoja chenye mtego ndani yake.

Miche ikishafikisha majani manne au matano, ng'oa mitego yote na uhesabu ili usiache hata mmoja ardhini. Ioshe kwa maji yenye dawa ya klorini, ikaushe juani siku nzima, ipake nta upya, kisha itundike juu ya jiko, moshi unapopita, springi zikiwa zimelegezwa. Pumba zilizolowa zifukie shambani, na vipande vya mwanzi uvisimamishe ukutani upande usiopigwa na mvua, kwa kuwa vikikauka vizuri vitatumika tena Juni ijayo.